Konokono, nanasi na mgongo wa Nyiragongo: fonksioni zinatuambia nini hasa?

Kuna picha inayozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp hapa Goma. Ina gamba la konokono, ua la alizeti, kimbunga kilichopigwa picha kutoka angani, na mara nyingine sikio la mtu. Juu ya vyote umechorwa msokoto mmoja wa rangi ya dhahabu, na maandishi yanasema kwamba namba 1.618 ndiyo iliyotumika kuumba kila kitu. Wanafunzi wanaojiandaa na EXETAT, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wanatumiana kama siri ya mtihani. Wahubiri wameipenda. Wengine wanaicheka na kusema fonksioni ni mambo ya ubaoni, zinaisha kengele ikilia.

Kuna na malalamiko ambayo kwa sura ni mengine kabisa. Tangu lava iliposhuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021 bila watu kuonywa, mtu akisikia redioni kwamba wataalamu wana "modeli" ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, anauliza: kama mlikuwa nayo, mbona tulikimbia usiku na magodoro kichwani?

Anayeamini picha, anayeicheka na anayelalamika, wote watatu wamekwama pahali pamoja. Hawajaelezwa modeli ya hisabati ni kitu gani, inaahidi nini na inanyamazia nini. Basi tuanzie chini.

Fonksioni, kigezo, modeli

Fonksioni ni kanuni inayopokea namba na kurudisha namba. Unaipa umbali kutoka katikati ya mlima, inakupa kimo cha ardhi hapo. Ukiiuliza swali lile lile kesho, jibu halibadiliki. Majibu yake yote ukiyaweka kama nukta kwenye karatasi ya miraba, nukta zinafanya mstari, na mstari huo ndio umbo.

Kigezo ni namba iliyo ndani ya kanuni ambayo unaweza kuipandisha au kuishusha huku kanuni yenyewe ikibaki ile ile. Na modeli ni fonksioni, moja au kadhaa, ambazo vigezo vyake vimechaguliwa ili zifanane na kitu halisi kwa kiasi kinachotosha kazi uliyo nayo.

Mtazame fundi cherehani wa Birere. Mama anamletea kikwembe, fundi anampima mabega, kifua, kiuno na urefu. Kwa namba nne anashona nguo inayoukaa mwili mzima, ingawa mwili una sehemu chungu nzima ambazo utepe haukuzigusa. Hakuna atakayesema mama yule aliumbwa kwa utepe, wala atakayemlaumu fundi kwamba vipimo vyake havikumwonyesha siku mama atakayougua malaria. Nguo ikikaa, vipimo vilitosha. Hisabati ikichora umbo la jani au la mlima inafanya kazi ya fundi huyo.

Ila mwanahisabati ana bahati moja ambayo fundi hana. Mara nyingine namba zake zinaeleza jinsi kitu kilivyokua, na kwangu mimi utamu wote wa jambo hili uko hapo.

Milima tunayoiona tukifungua mlango

Kati ya Nyiragongo na ziwa Kivu kumezagaa vilima vidogo vya volkano. Kilima cha namna hiyo hujengwa na makoro, yaani mawe mepesi ya volkano, yanayorushwa juu na kuanguka kulizunguka tundu. Makoro yanarundikana, na rundo likizidi kusimama yanaporomoka mpaka mteremko urudi kwenye kipimo ambacho mawe hayo yanaweza kushikana. Kipimo hicho ni nyuzi 30 na kidogo. Kwa hiyo ubavu wa kilima kichanga unakaribia kuwa mstari ulionyooka: kwa kila mita 10 za mlalo unapanda kama mita 6. Fonksioni yake ni ile rahisi kuliko zote za shuleni, kimo cha kilele ukitoa 0.6 mara umbali. Namba moja tu, 0.6, na ndani yake kuna habari nzima: mawe makavu yanayozuiliwa na msuguano peke yake. Mvua ikishakila kilima kwa maelfu ya miaka mstari unajipinda, na namba moja haitoshi tena.

Milima mikubwa haina ubavu ulionyooka. Miaka ya 1870 John Milne, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Japani, alipima kingo za milima ya volkano, Fuji ukiwemo, akaona zinafuata mstari wa logarithimu: mkali karibu na kilele, unalegea kadiri unavyoshuka. Nyiragongo, wenye mita 3,470, unamvutia mtu auwekee mstari huo huo. Asiharakishe. Mlima huu umepandana na volkano mbili za kale, Baruta kaskazini na Shaheru kusini, yaani upande wetu wa mjini. Ukifuata ubavu wa kusini kwa kidole unakutana na nundu, na nundu hiyo ni Shaheru. Hakuna fonksioni moja laini itakayopita pale bila kudanganya. Inabidi kuunga vipande viwili au vitatu, kila kimoja na vigezo vyake, na mahali pa kiungo panakuambia kwamba hapo historia ya mlima mmoja ilikutana na ya mwingine.

Jirani yake Nyamulagira, chini ya kilomita 15 kutoka hapo, una mita 3,058 na umetandaa kwa mteremko wa pole. Vitabu vya shule vinasema lava nyepesi, ile inayotiririka kwa urahisi, hujenga mlima mpana na lava nzito hujenga mlima uliosimama. Kwa Nyamulagira sawa. Kwa Nyiragongo kanuni hiyo inavunjika, maana lava yake ina silika (madini yanayoifanya lava iwe nzito) kidogo mno na ni kati ya nyepesi kuliko zote zilizowahi kuonekana duniani. Mwaka 1977 ilikadiriwa kushuka kwa kilomita 60 kwa saa, mwendo wa gari. Na bado mlima umesimama vile tunavyouona. Mtu akikuambia ameijua tabia ya kitu kwa kutazama mstari wake tu, mwonyeshe Nyiragongo.

Sasa swali la magodoro. Baada ya mlipuko wa 2002, ambao lava yake ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani, watafiti, wengi wao Waitalia, walitengeneza ramani za hatari. Kazi inaanza na umbo: ardhi yote kutoka kileleni hadi ziwani inaandikwa kama fonksioni inayopokea namba mbili, mahali ulipo kwa mashariki na magharibi na kwa kaskazini na kusini, na kurudisha kimo. Kisha kwenye kompyuta unaweka tone la lava pahali, linafuata mteremko ulio mkali zaidi mpaka lisimame. Kwa kuwa vimo vilivyopimwa vina makosa madogo, unavitikisa kidogo kwa bahati nasibu na kulitembeza tone tena. Unarudia maelfu ya mara. Pale ambapo tone limepita mara nyingi, ramani inapakwa rangi kali.

Ramani hiyo inajibu swali la wapi. Swali la lini halimo kabisa, kwa sababu hakuna saa ndani ya fonksioni ya kimo. Kujua lini kunahitaji vitu vingine: mitetemeko, gesi, kuvimba kwa ardhi. Na mwaka 2021 mlima ulipasuka bila kutoa mapema dalili zile zinazotegemewa. Kwa hiyo hasira ya watu ina haki, ila imeelekezwa kwa chombo kisichohusika. Kuna na tatizo ambalo halizungumzwi sana: lava ikishapita inaacha mawe, ardhi inapanda, na fonksioni ya jana si ya leo. Ukitumia vimo vilivyopimwa kabla ya 2021, lava ya kwenye kompyuta itashuka Kibati na Buhene kupitia bonde ambalo limeshajaa makoro.

Msokoto wa kamba na msokoto wa konokono

Turudi kwa konokono wa ile picha. Misokoto iko ya aina nyingi, na miwili kati yake huchanganywa kila siku. Kamba iliyozungushwa sakafuni, kila duru ikigusana na iliyotangulia, inasogea mbali na katikati kwa kujumlisha: sentimita 2, kisha 4, 6, 8. Huo unaitwa msokoto wa Archimedes. Gamba la konokono linasogea kwa kuzidisha: 2, kisha 4, 8, 16, au kwa namba nyingine yoyote badala ya hiyo 2. Huo ndio msokoto wa logarithimu. Fonksioni yake ni fupi: umbali kutoka katikati ni a mara k kwa kipeo cha z. Herufi z ni idadi ya mizunguko, a ni ukubwa wa kuanzia, k ni namba ya kuzidisha.

Kwa nini kuzidisha? Konokono hawezi kulirudia gamba la zamani, limeshakauka. Anachoweza ni kuongeza ukingo mpya mdomoni, na anachoongeza kinalingana na ukubwa alio nao wakati huo. Akiwa mdogo anaongeza kidogo, akiwa mkubwa anaongeza kingi, na umbo halibadiliki. Tabia yake yote ya kukua inakaa ndani ya k.

Jakob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel aliyefariki mwaka 1705, aliupenda msokoto huu kiasi cha kutaka uchongwe kwenye kaburi lake. Mchongaji akachonga ule wa kamba. Uko pale mpaka leo, na ni kosa linalowafariji walimu wa hisabati dunia nzima.

Na 1.618 inatoka wapi? Gawa mstari vipande viwili, kirefu na kifupi, kwa namna ambayo mstari mzima ukiugawa kwa kipande kirefu unapata jibu lile lile la kirefu ukikigawa kwa kifupi. Jibu hilo ni 1.618 na kuendelea, na limepewa jina la uwiano wa dhahabu. Msokoto wa dhahabu ni msokoto wa logarithimu unaokua mara 1.618 kila robo ya mzunguko. Mzunguko mzima una robo nne, basi unazidisha 1.618 kwa yenyewe mara nne, unapata 6.85. Yaani gamba la kweli la dhahabu lingepanuka karibu mara saba kila linapozunguka mara moja. Nautilasi, yule mnyama wa baharini ambaye kombe lake ndilo hukatwa katikati na kuwekwa kwenye picha hizi, hupanuka karibu mara 3. Namba 3 na 7 hazifanani hata kwa mtu mwenye miwani mibovu. Logarithimu ni ya kweli, dhahabu ni ya kubandikwa.

Kimbunga nacho kina mikono inayojipinda, lakini k yake inabadilika kutoka kimoja hadi kingine, na hata saa hadi saa katika kimbunga kimoja. Kuhusu sikio sina la kusema; ukinyoosha na kukuza msokoto vya kutosha utaukalisha juu ya kitu chochote kilichopinda.

Anayetaka kuhakikisha achukue gamba tupu la konokono na rula yenye milimita. Apime upana wa kila duru kwa kufuata mstari mmoja, kutoka nchani kwenda mdomoni, kisha agawe kila kipimo kwa kilichotangulia. Majibu yakikaribiana, amepata logarithimu, na wastani wake ndio k ya konokono huyo. Ikiwa 1.5 au 2.2, hakuna ubaya wowote. Kila spishi ina yake.

Nanasi halidanganyi

Baada ya kuivunja ile picha hivyo, lazima niseme upande ambapo ina haki, maana upande huo upo na unashangaza.

Nunua nanasi soko la Virunga. Usilimenye. Macho yake yamepangwa kwa mistari inayopanda kwa kuzunguka. Chagua jicho moja, lipake chaki, fuata mstari wake unaopanda pole kuelekea kulia. Halafu paka mstari wa pili sambamba na huo, na wa tatu, mpaka urudi ulikoanzia. Kisha hesabu mistari inayopanda kuelekea kushoto. Kwa nanasi la kawaida utapata 8 upande mmoja na 13 upande mwingine. Kuna na mistari ya tatu iliyosimama zaidi, mara nyingi 21. Katika alizeti, ukihesabu misokoto ya mbegu, unapata 34 na 55, na ua kubwa 55 na 89.

Namba hizo ni za mfuatano ambao Leonardo wa Pisa, anayeitwa Fibonacci, aliuweka kwenye swali la sungura mwaka 1202: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, kila namba ikiwa jumla ya mbili zilizotangulia. Ukigawa 89 kwa 55 unapata 1.618. Kwa hiyo hapa dhahabu imo kweli. Imeingiaje?

Mmea haukui kwa kupanga misokoto. Unatoa chipukizi moja, halafu nyingine, halafu nyingine, kila moja ikiwa imegeuka pembe fulani kutoka iliyotangulia. Kama pembe ingekuwa nyuzi 120, chipukizi la nne lingekaa nyuma ya la kwanza kabisa, la tano nyuma ya la pili, na ua lingekuwa na mistari mitatu yenye mbegu na nafasi tupu katikati. Nyuzi 90 zingeleta mistari minne. Sehemu yoyote rahisi ya duara inaleta mistari na uwazi. Ili mbegu zijae pote inatakiwa pembe isiyokubali kuwa sehemu rahisi ya duara, na katika namba zote, uwiano wa dhahabu ndio mgumu kuliko zote kuukaribia kwa sehemu. Duara lina nyuzi 360; ukigawa kwa 1.618 unapata 222.5, na upande wa pili unabaki nyuzi 137.5. Hiyo ndiyo pembe ya alizeti.

Sasa chukua karatasi, tufanye hesabu yenyewe. Mbegu ya 8 imegeuka mara nane nyuzi 137.5, jumla 1,100. Ondoa mizunguko mitatu mizima, 1,080, zinabaki 20. Maana yake mbegu ya 8 inakaa karibu na mstari wa mwanzo, nyuzi 20 upande mmoja. Mbegu ya 13: jumla 1,787.5, pungufu ya mizunguko mitano kwa 12.5. Inakaa karibu zaidi, upande wa pili. Ya 21 inazidi kwa kama 8, ya 34 inapungua kwa kama 5, ya 55 inazidi kwa kama 3. Umeona? Kila jicho la nanasi linapata majirani wake wa karibu hatua 8 na hatua 13 mbele, mmoja kushoto mmoja kulia, na ndiyo maana mistari uliyopaka chaki ni 8 na 13. Katika alizeti mbegu ni nyingi, majirani wamesogea hadi 34 na 55. Mfuatano wa Fibonacci haukuandikwa mahali popote ndani ya tunda. Umezaliwa na pembe moja inayorudiwa.

Mwaka 1979 Helmut Vogel aliandika modeli ya alizeti kwa mistari miwili. Mbegu ya n iweke kwenye pembe ya n mara nyuzi 137.5, na umbali kutoka katikati uwe kipeuo cha pili cha n. Kipeuo kimetoka wapi? Eneo la duara linakua kwa mraba wa nusu kipenyo. Kila mbegu ikitaka eneo sawa na mwenzake, umbali lazima ukue kwa kipeuo. Basi mbegu ya 1 iko nyuzi 137.5, umbali 1. Ya 2 nyuzi 275, umbali 1.41, ya 3 nyuzi 52.5, umbali 1.73; ya 4 nyuzi 190, umbali 2. Ukifika mbegu ya mia, misokoto inaanza kujitokeza kwenye karatasi yenyewe bila wewe kuichora.

Na nani aliuambia mmea nyuzi 137.5? Hakuna. Kwenye ncha inayokua, chipukizi jipya linatokea pale ambapo kuna nafasi zaidi na homoni ya auksini imejikusanya, mbali na machipukizi yaliyotangulia ambayo yameivuta kwao. Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Stéphane Douady na Yves Couder, walidondosha matone ya kiowevu chenye sumaku kwenye sahani ya mafuta, matone yakawa yanasukumana. Hapakuwa na jani, mbegu wala uhai. Matone yakajipanga kwa misokoto ya Fibonacci. Kwangu mimi jaribio hilo linatosha kumaliza hoja kwamba ua linajua hesabu. Vitu vinavyosukumana na kuongezwa kimoja kimoja vinafika kwenye pembe hiyo vyenyewe. Kama mtu anauona mkono wa Mungu katika sheria hizo za kusukumana, hilo ni la imani yake, na nanasi haliwezi kumthibitishia wala kumkanusha.

Tena si kila ua linatii. Uingereza watu wa kawaida waliombwa walime alizeti na kuhesabu misokoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitoka kwenye maua 657. Mengi yalifuata Fibonacci. Mengine yalikuwa na namba zilizokosea kwa moja, na mengine hayakuwa na mpangilio unaosomeka. Picha za dhahabu hazionyeshi maua hayo.

Kangaga kwa namba 24

Kuna maumbo ambayo mstari mmoja hauyafikii. Kangaga, ambayo huku kwetu huwahi kuota juu ya lava iliyopoa, ina tawi lililojaa vijani, na kila kijani kinafanana na tawi zima, na ndani ya kijani kuna vingine vinavyofanana nacho. Mwaka 1988 Michael Barnsley alionyesha kwamba fonksioni nne zinatosha. Kila moja inapokea nukta na kuihamisha: ya kwanza inaipeleka kwenye shina, ya pili inapunguza tawi zima kidogo na kuliinamisha, ya tatu na ya nne zinatengeneza kijani cha kushoto na cha kulia. Unapiga kura kila hatua. Ile ya pili inapewa nafasi 85 kwa mia, za vijani 7 kila moja, ya shina 1. Nukta inarukaruka maelfu ya mara na kangaga inajitokeza. Vigezo vyote kwa pamoja ni 24. Tofauti na ya kweli ni kwamba kangaga ya kompyuta inaendelea kujigawa bila mwisho, na ile ya kwenye makoro inachoka baada ya ngazi chache.

Hadithi ya tembo

Mwaka 2003 Mbelgiji Johan Gielis alichapisha fonksioni moja yenye vigezo sita ambayo, ukizungusha vigezo hivyo, inachora duara, mraba, nyota ya baharini, ua la petali tano, shina lenye pembe na majani ya aina nyingi. Vyombo vya habari vilishangilia kwamba fomula ya maumbo yote imepatikana.

Ni fonksioni nzuri sana. Lakini mwanafizikia Freeman Dyson alisimulia kwamba alipompelekea mwanafizikia mwenzake Enrico Fermi hesabu zake mwaka 1953, Fermi aliuliza ana vigezo vingapi. Vinne, akajibu. Fermi akamkumbusha maneno ya mwanahisabati John von Neumann, kwamba kwa vigezo vinne angeweza kuchora tembo, na kwa cha tano angemchezesha mkonga. Mwaka 2010 kuna waliomchora tembo huyo kweli kweli, kwa namba nne changamano, yaani namba ambazo kila moja inabeba namba mbili za kawaida.

Fundi wetu akiruhusiwa kuongeza pini kila anapoona pengo, nguo yoyote itamkaa yeyote, na hatakuwa amejifunza chochote kuhusu mwili. Kwa hiyo modeli ya umbo huulizwa maswali magumu. Ina vigezo vingapi? Kigezo hiki kinasimamia nini katika kukua kwa kitu chenyewe? Na je, inabashiri kitu ambacho hakikutumika kuitengeneza? Pembe ya alizeti inapita kwa heshima: kigezo kimoja, kinachoeleza kukua, kinachobashiri 34 na 55. Ya Gielis inashinda kwa kufaa, lakini inanyamaza kuhusu sababu. Ya picha ya WhatsApp haina hata kigezo, ina rangi tu.

Kufaa bila sababu hata hivyo kuna matumizi yake, na mkulima anaweza kuyashika leo. Mwanaagronomia anayetaka kujua mhindi unapata jua kiasi gani anahitaji eneo la majani, na hataki kuyachuma. Tangu mwaka 1911 inatumika kanuni ya Montgomery: urefu wa jani mara upana wake mkubwa, mara 0.75. Jani la sentimita 80 kwa 9 lina sentimita za mraba 540. Namba 0.75 inaeleweka ukifikiria maumbo. Mstatili mzima ungekuwa 1, pembetatu 0.5, duaradufu 0.785, jani la mhindi linaanguka kati ya pembetatu na mstatili, likiielekea duaradufu.

Kwa jani la maharage au la muhogo namba ni nyingine, na hakuna haja ya kusubiri kuletewa kutoka nje. Weka majani kadhaa ya shamba lako juu ya karatasi ya miraba, zungusha kalamu, hesabu miraba iliyo ndani, gawa kwa urefu mara upana, chukua wastani. Kisha ijaribu namba hiyo kwa majani mengine ambayo hukuyatumia mwanzoni. Ikikosea sana kwenye majani machanga, yatafutie yake.